Chanjo Alizokosa Kibonge

Msusi alikuwa na saluni ndogo mbele ya nyumba yake. Ilikuwa na viti viwili, kioo kimoja, na mkeka wa watoto. Wateja walipenda mkono wake, na soga zake pia. Mwanawe alikuwa amevuka mwaka mmoja. Kwa mashavu yake, mtaa mzima ulimwita Kibonge.

Wifi yake, dada wa mumewe, aliuza vitambaa sokoni. Alikuwa na mtoto wa miezi sita, na kila asubuhi alimwacha kwa msusi. Kabla hajamwacha mara ya kwanza, aliuliza kama Kibonge amepata chanjo zote.

"Zote, wifi yangu," msusi alijibu, macho yake yakiwa kwenye kitana.

Haikuwa kweli. Kibonge alipozaliwa alipata chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio. Alipofika wiki sita alipata sindano za kwanza. Jioni ile mwili ulichemka na paja likavimba. Alilia mpaka mama naye akalia. Kesho yake alikuwa mzima, lakini msusi alikuwa ameingiwa na hofu. Wiki ya kumi hakwenda kliniki. Ya kumi na nne hakwenda. Kisha hofu ikageuka aibu: muuguzi atamsema mbele za watu. Miezi tisa ikafika, wakati wa chanjo ya surua, nayo ikapita hivyo hivyo.

Siku moja Kibonge alishikwa na homa, kikohozi na macho mekundu. Baadaye upele ulitokea nyuma ya masikio, ukashuka usoni na mwilini. Wifi alipouliza, msusi alisema ni vipele vya joto. Moyoni alijua si joto.

Kibonge alipona. Alipokuwa ameanza tena kukimbia, mtoto wa wifi akaugua. Alipumua haraka haraka, kifua kikibonyea. Walimkimbiza hospitali. Ilikuwa surua, na nimonia juu yake.

Muuguzi aliuliza kama kuna mtoto mwingine aliyeugua nyumbani.

"Ni wa wifi yangu huyu tu," wifi alisema. "Alitoka vipele vya joto. Surua haiwezi kuwa, amechanjwa zote."

Msusi alitazama sakafu. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Lakini pumzi za yule mtoto zilisikika chumba kizima.

"Hakumaliza chanjo," alisema. "Ya surua hakupata kabisa. Nilikudanganya, wifi."

Wifi alisogeza kiti chake mbali naye. Msusi aliona bora angetukanwa.

Muuguzi alimwita pembeni. Msusi alijiandaa kusemwa, lakini muuguzi alimuuliza tu kwa nini aliacha. Msusi akasimulia ile homa ya wiki ya sita.

"Homa ndogo baada ya sindano ni kawaida," muuguzi alisema. "Au paja kuvimba kidogo. Hupita baada ya siku moja au mbili. Usipake dawa yoyote pale alipochomwa. Mnyonyeshe, mvalishe nguo nyepesi. Ikizidi, au akipata degedege, au akipumua kwa shida, mlete mara moja, na utuambie kabla ya chanjo inayofuata. Ndiyo maana tunawaomba msubiri kidogo kabla ya kuondoka."

Alieleza pia kwamba sindano za wiki ya sita hurudiwa ili kinga ikomae. Humkinga mtoto na kifaduro, dondakoo, pepopunda na nimonia. Matone mengine huzuia kuhara kukali. Surua huchanjwa miezi tisa, kisha hurudiwa katika mwaka wa pili.

"Huyu wa miezi sita hakuwa amefikia," alisema. "Kinga yake ilikuwa nyinyi mliomzunguka."

Msusi alifuta macho. Aliuliza kama Kibonge amechelewa mno.

"Hapana. Tutaendelea pale alipoishia, hatuanzi upya. Lakini niambie, watoto gani wengine walikuwa karibu naye alipougua?"

Msusi akakumbuka mkeka wa saluni, na hapo ndipo aibu ilipokamilika. Msusi alizunguka na mhudumu wa afya nyumba kwa nyumba, kwa wateja wake. Kwenye kila mlango alisema mwenyewe: mwanangu aliugua surua, nikaficha, mwangalieni wenu. Mmoja alimfungia mlango. Mwingine hakurudi tena kusuka. Lakini watoto waliokosa chanjo walipelekwa, na hakuna mwingine aliyelazwa.

Kibonge alimalizia chanjo zake. Alipata homa tena, ikapita.

Mtoto wa wifi alitoka hospitali amekonda, lakini mzima. Wifi hakumleta tena kwa msusi. Walisalimiana tu, kwa kifupi.

Mtoto alipotimiza miezi tisa, wifi alisimama mlangoni pa saluni. Msusi alikuwa katikati ya kichwa cha mteja.

"Ni siku yake ya sindano," wifi alisema. "Alikwisha ugua surua, lakini muuguzi kasema achanjwe vilevile, maana inakinga na rubella pia. Mimi siwezi kumshika akilia."

Msusi alimwomba radhi mteja, akanawa mikono, akampokea mtoto. Walitembea pamoja mpaka kliniki. Mtoto alipochomwa alilia kwa nguvu, kifua kikijaa hewa. Msusi alimkumbatia. Wifi aliweka mkono juu ya mkono wake, na hakuutoa.