Zawadi ya Msukule Ilipopokelewa na Marehemu

"Haloo, naongea na Bertha wa Iringa?"

"Ndiye mimi. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Anyitike, mke wa Zabron. Kile kitabu chako cha msukule kimefika. Nimekisoma chote. Asante."

Simu ilimponyoka Bertha, ikatumbukia kwenye beseni la maharage. Vinyweleo vilimsimama. Zabron alikuwa mchumba wake, na mke wa Zabron alikuwa amekufa! Zabron mwenyewe alimwambia, machozi yakimlengalenga, kwamba alimzika Tukuyu, yeye na kichanga chake.

Alikimbilia kwa shoga yake Sabina, muuza vitabu pale mjini. Ndiye aliyemchagulia zawadi ile, Bertha alipotaka kitu cha kumtumia Zabron, mtu asiyelala bila hadithi ya kutisha.

"Mpe hiki," Sabina alimwambia siku ile. "Usidhani ni vile vya kufukuzana makaburini. Humu msukule hali mtu. Anarudi kwake, anabisha hodi, na wanaotisha ni wazima waliomo ndani."

"Mbona kifupi hivi?"

"Kifupi, lakini kinauma. Mpenzi wa vitisho humpati kwa zawadi nyingine."

Bertha akakifunga, akaweka ujumbe wa mahaba, akaandika namba yake juu, akakituma Mbeya kwa basi.

Leo alisimama mbele ya Sabina.

"Marehemu kanipigia."

"Marehemu yupi tena?"

"Mke wa Zabron! Kasoma kitabu!"

Sabina alitaka kucheka. Alipouona uso wa mwenzake, akamvutia kiti.

"Mpigie Zabron."

Hakupatikana. Badala yake ukaingia ujumbe kutoka namba ile ngeni:

"Usiogope mdogo wangu. Njoo Mbeya, duka la mchele nyuma ya soko la Mwanjelwa. Njoo mchana."

"Usiende, Bertha! Hujasikia watu wanaoitwa wakaitika, wasionekane tena?"

"Nisipoenda, nitaolewa na hofu hii hii."

Kesho yake alikwenda. Njia nzima hakula kitu. Mlangoni mwa lile duka alimkuta mwanamke mwembamba aliyejifunga kitenge, amenyoosha mkono. Bertha alisita. Alipoushika, ulikuwa wa moto, una vumbi la pumba.

"Karibu, mdogo wangu. Mzigo wako waliuleta hapa, mume wangu yuko Madibira kwenye mpunga."

"Dada... wewe ni mzima?"

"Niliugua sana. Kufa, bado. Nani kaniua?"

"Zabron. Alisema ulikufa kwa uzazi."

Anyitike alikaa taratibu juu ya gunia.

"Alilia alipokuambia?"

"Alilia."

"Basi alimlilia mwanetu. Ndiye aliyezikwa Tukuyu. Mimi kaniongezea tu." Akafuta macho kwa pindo la kitenge. "Wewe hukunitisha. Kilichonitisha ni yeye. Mtu amekwisha kukuzika mdomoni, unalalaje naye?"

Nje kulisimama gari. Zabron aliingia akijikung'uta vumbi, akawaona. Rangi ilimtoka.

"Bertha? Umefikaje hapa?"

"Nimekuja kukupa pole ya msiba. Mkeo amenipokea."

Zabron alirudisha mlango wa duka, akalisukuma komeo. Ndani kukawa giza.

"Hamtoki mpaka mnisikilize."

"Fungua, Zabron," alisema Anyitike, sauti haikupanda. "Nimewaambia majirani wote kwamba nina mgeni, na kaka yangu Liberatus yuko njiani kunichukua."

"Mke wangu..."

"Fungua."

Mkono wa Zabron ulikaa juu ya lile komeo muda ulioonekana kama mwaka. Mwisho akalivuta. Akajiinamia kando ya mlango kama gunia lililomwagwa. Wanawake wale wakampita, Anyitike na begi lake kichwani, Bertha nyuma yake.

Stendi, Liberatus alipokwisha kumpokea dada yake begi, wanawake walikumbatiana. Mmoja akashika njia ya Tukuyu, mwingine ya Iringa.

Basi lilikuwa limekwisha kupita Igawa simu ya Bertha ilipoita. Mama yake, kutoka Kalenga.

"Mwanangu, wazee wanauliza, huyo mkwe analeta lini posa?"

"Waambie haji, Mama. Nakuja mwenyewe."

"Kuna nini? Unalia?"

"Bado, Mama. Niwekee maji ya moto, nikifika nitalia."