Maji ya Sitini na Tano

Nguzo ya mlango ilikuwa imekatwa juu na chini. Kipande cha katikati hakikuwepo.

"Wamechukua chenye mstari," alisema Bi Ardith Schoof, mtunza makumbusho. "Wangenichukua mimi ingekuwa nafuu."

Inspekta Lorna Tvedt alipiga magoti. Mkato ulikuwa laini, wa msumeno wa mkono. Alama za vidole hazikuonekana. Mwizi alikuwa ameegemeza boriti mpya ili dari isishuke. Alilihurumia jengo.

Kiwanda cha zamani kilichohifadhi makumbusho hayo, kilichowahi kugeuza magamba ya kome wa mto Mississippi kuwa vifungo vya mashati, kilikuwa kimebakiza siku mbili. Ijumaa mtaalamu wa urithi wa jimbo angekuja kupima mstari wa mafuriko ya mwaka wa sitini na tano uliochorwa kwenye nguzo ile. Akiridhika, jengo lingesajiliwa. La sivyo, tingatinga.

Tvedt alihoji watu wa Varnum Landing kutwa nzima, na kila mmoja akamuuliza maji yalifika wapi. Mjini pale swali hilo halijibiwi kwa futi. Mtu huweka kiganja mwilini. Kinyozi aliweka kidevuni. Mchungaji, kidevuni. Bi Ardith, kidevuni.

Clifford Dressel, seremala mstaafu, aliweka kiunoni. Kisha akaupandisha mkono.

"Hayo maji yamepanda haraka, mzee."

"Bega linanisumbua."

"Marehemu baba yako ndiye aliyechora mstari?"

"Alikuwa msimamizi wa kiwanda. Nani asiyejua?"

"Na wewe unajua nini wasichojua wao?"

Clifford aliitupia jicho pikapu yake. Tvedt aliomba kuiona. Chini ya turubai kililala kipande cha nguzo, kimeviringishwa blanketi safi.

Kituoni, Bi Ardith aliitwa kukitambua kielelezo. Alikuwa bado amesimama mlangoni Clifford alipoanza kusema.

"Yalifika kiunoni tu. Baba aliwatoa wafanyakazi wanawake arobaini, akaziacha mashine, zikaoza, kiwanda kikafa. Aliona aibu, akachora mstari juu, kidevuni. Aliniambia siku aliyokufa. Mtaalamu angelinganisha na rekodi za mto, na Ijumaa jioni mji mzima ungemwita mwoga."

Bi Ardith alivuta kiti, akaketi karibu naye.

"Cliff, mjinga wewe. Mimi ni mmoja wa hao arobaini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Hayo maji ya kiunoni yaliniangusha, yakanikokota mpaka baba yako aliponidaka nywele."

"Mbona uliniambia kidevuni?" Tvedt aliuliza.

"Ndivyo tulivyokubaliana, wote arobaini. Mtu katuokoa halafu anaona haya. Tukamwachia mstari wake."

Clifford alifunika uso kwa viganja.

Tvedt alimwambia kuwa shitaka liko palepale, ila kesho asubuhi ataiunga nguzo mwenyewe, chini ya ulinzi. Kisha akamgeukia Bi Ardith na kumuuliza kama angekubali kumweleza mtaalamu yote hayo.

"Peke yangu hataniamini," alisema Bi Ardith, akipapasa mkoba. "Tumebaki sita. Ngoja niwapigie simu."