Bandama Mezani kwa Daktari

"We Usi, una wazimu? Toa nyama yako mezani kwangu!"

"Sitoi, bwana daktari! Mpaka uitazame!"

Mimi mchinjaji wa soko la Darajani, Unguja, kusoma sikusoma. Nyuma yangu Mize, niliyekwenda kumposa, kajikunja juu ya benchi, buibui limerowa jasho. Asubuhi ile, mwaka wa hamsini na nne, kateleza ngazini kwao, kaangukia ubavu wa kushoto. Na homa zilishamvimbisha bandama zamani. Msaidizi wa mlangoni kampa dawa ya gesi ya tumbo, kamwambia rudi nyumbani. Ndivyo walivyomwambia marehemu mke wangu, Shemsa, alipoanguka, nami mjinga nikawaamini kwa nguo zao nyeupe. Alasiri hakuifika.

"Mize, mwambie panapouma."

"Bega la kushoto. Na bega sikuligonga."

"Umesikia? Shemsa naye bega! Tazama matumbo ya mbuzi huyu." Nikaunyoosha utando wa bandama lake. "Bandama limeshikwa, huku na tumbo, huku na figo. Ukianguka utando unavuta, bandama linachanika, damu inajaa ndani. Nje huoni kitu!"

Daktari Muhiddin akaacha kugomba. Akamfunua Mize jicho. Ndani ya kope kweupe kama karatasi.

"Nani kakufundisha?"

"Kisu. Nyinyi wakubwa mtatuuliza lini sisi?"

"Tayarisheni chumba cha kupasulia! Haraka!"

Mize akanishika kanzu. "Usi, wakinitoa bandama ntakuwa nusu mtu. Posa yako ichukue."

"Siichukui! Nshakwambia nangoja jibu. Nenda, urudi unijibu."

Alasiri daktari akatoka anacheka.

"Lilipasuka, nimelitoa. Lakini kwenye utando wa tumbo nimekuta jengine, dogo kama kunde. Nimeliacha lifanye kazi ya lile."

Nikaruka! "Nayajua hayo! Kitoto cha mbuzi kikiwa tumboni mwa mama yake, bandama huanza vidonge vidonge ndani ya utando, kisha vinaungana. Ndiyo maana ukingo wake una mapengo. Kimoja kikikosa kuungana, hubaki peke yake!"

"Mie hayo nimeyasomea miaka sita," akasema daktari, akanipa mkono.

Siku ya nane Mize akakaa kitako.

"Usi, nimebakiwa na kunde tu."

"Nlikuja kuposa Mize, sikuja kupima nyama."

"Usinichekeshe, nyuzi zitakatika! Nenda kwa kaka Hamad, mwambie nimekubali. Na hiyo kanzu ya buchani usiende nayo!"

Tulioana Mfunguo Mosi, Ramadhani ilipokwisha. Mbuzi wa karamu nilimchinja mwenyewe, bandama nikampelekea daktari. Yule wa dawa ya gesi sikumwalika.