Mtu Aliyechorwa Akiondoka

Ukumbi wa maonyesho ya vitabu ulikuwa umefurika hadi hewa yenyewe ikawa inapita kwa kuomba njia. Fundi miwani hakuja kununua kitabu. Alikuja kumpelekea mteja fremu mpya, akamfikishia, na sasa alikuwa anatafuta mlango wa kutokea huku akisukumwa na mabega ya watu, ndipo binti mmoja wa mauzo alipomtolea macho.

"Samahani, kaka. Hebu nipe mgongo."

"Nikupe mgongo wa nini?"

"Geuka kidogo tu, tafadhali."

Naye, kwa kuwa ni mtu asiyejua kukataa ombi la heshima, akageuka. Binti akapiga ukelele. "Ni yeye! Jamani, ni yeye mwenyewe!"

Nyuma ya binti lilining'inia bango refu kuliko mlango. Kwa wino mweusi palichorwa korido ya hospitali, na katika korido hiyo mwanamume anaondoka. Uso wake haukuonekana. Lakini lile bega la kushoto lililoinama, ile kofia iliyogeuzwa nyuma mbele, na yale masikio yaliyosimama kama mikono ya sufuria, vyote vilikuwa vyake. Watu wakaanza kumkodolea macho. Mama mmoja akafyonza kabisa, bila kificho.

"Huyu ndiye aliyemkimbia mwenzake, baba wa watu anakata roho?"

"Ndiye," ikajibu sauti kutoka pembeni. "Leo hajakimbia bado. Tushukuru."

Fundi akaijua sauti hiyo. Ni Mchoraji wa kitabu hicho, mpenzi wake wa zamani, aliyesimama pale katika gauni la rangi ya haradali lililombana kiunoni, penseli imechomekwa kwenye nywele, vidole vyeusi kama kawaida yake. Miaka ilikuwa imepita, na bado alikuwa mzuri kiasi cha kuudhi.

"Wino," Fundi akasema. Ndilo jina alilompa zamani, kwa sababu hakuwahi kumwona na vidole safi.

"Usiniite hivyo mbele za watu."

"Wewe umenichora mbele za watu."

Mchoraji alitaka kucheka, akajizuia. "Masikio nimeyapunguza, ujue. Nilikuonea huruma." Kisha uso ukabadilika. "Kitabu kimeingia orodha ya mwisho ya tuzo. Ni tuzo ya katuni za maisha ya kweli, hawataki cha kubuni hata kidogo. Majaji humpigia simu kila aliyechorwa kama yu hai. Nawe watakupigia."

"Waniulize nini?"

"Kama ni kweli. Nawe utasema ndiyo, kwa sababu ni kweli. Nikishinda naacha kuchora matangazo ya sabuni, naanza kuishi. Huwezi kunifanyia hata hilo?"

Akamsukumia nakala moja kifuani, bila kumtilia saini, akarudi kwa wasomaji wake.

Fundi alikisoma kitabu kwenye karakana yake, katikati ya mashine ya kusagia lenzi na sahani za skrubu. Alikisoma kama mtu anayesoma kesi yake mwenyewe. Siku ile ya korido aliikumbuka vizuri. Alikuwa anarudi wodini kumkalia mzee, baba yake Mchoraji, kwa zamu yake, akakutana na kaka mkubwa wa Mchoraji mlangoni. "Dada yangu amesema uende," kaka akamwambia. "Hataki kukuona tena." Fundi akaenda. Jioni alipiga simu, na aliyepokea simu ya Mchoraji ni kaka yule yule: "Tuache na msiba wetu, bwana." Akaamini. Aliamini kwa miaka yote hiyo, na kuamini huko kulimkausha.

Sasa akafunua ukurasa uliofuata. Mchoraji amejichora akitoka kantini ya hospitali na vikombe viwili vya chai, anatazama korido tupu, anaangaza huku na huku.

Vikombe viwili. Hakumfukuza. Hakujua hata kidogo!

Fundi akasimama, akakaa, akasimama tena. Alitaka kucheka, alitaka kukimbia hadi kwake. Kisha akaendelea kufunua, na furaha ikamwishia miguuni. Kila baada ya kurasa chache alikuwemo kaka, na miwani yake ile ya mraba iliyofungwa uzi mkono mmoja: kaka anamteremsha baba ngazi kwa mgongo, kaka anamkanda miguu, kaka anapika uji na kuuunguza. Na mwanzoni kabisa mwa kitabu, kwa mwandiko wa mkono: Kwa kaka yangu, aliyebaki.

Hapo ndipo alipoona amenaswa. Akisema ndiyo, atabaki mwoga wa korido maisha yake yote, na Wino hatajua kamwe. Akisema hapana, kitabu kinatoka kwenye tuzo, na Wino anampoteza ndugu pekee aliyebakiwa naye. Alizungukazunguka mle karakanani kama kuku aliyefungwa mguu, mwishowe akampigia kaka mtu.

"Shikamoo, kaka. Ni Fundi."

"Umesoma," kaka akasema.

"Nimesoma. Kwa nini?"

"Baba alikuwa anakwenda. Nilijua dada yangu utamchukua. Mimi ningebaki na nani?" Akavuta pumzi. "Mwambie ukitaka. Mwambie, halafu uangalie yeye atabaki na nani." Akakata.

Jaji alipiga asubuhi yake. Alikuwa mama wa makamo kwa sauti, mpole, lakini mpole wa kumsubiri mtu mpaka aseme.

"Mwanangu, ule ukurasa wa korido. Ndivyo ilivyotokea?"

"Mgongo ni wangu, mama."

"Sijakuuliza mgongo."

"Kofia ni yangu. Niliondoka, kweli."

"Uliondoka kwa hiari yako?"

"Alichokiona ndicho alichochora, mama. Hajadanganya."

"Hiyo si ndiyo, mwanangu."

"Na si hapana, mama."

Mchana Mchoraji akaingia karakanani bila kubisha, bado amevaa koti lake la kazi lenye madoa. Fundi alikuwa anampima bibi mmoja fremu. Bibi aliwaangalia wote wawili, akasema atarudi baadaye, na akatoka na miwani ya kujaribia usoni.

"Neno moja!" Mchoraji akawaka. "Nilikuomba neno moja! Wananiambia umezungukazunguka. Unaona aibu? Ungeona aibu siku ile!"

"Wino, niache."

"Sikuachi. Wewe ndiye hodari wa kuacha. Kama ukurasa wangu si kweli, kweli ni ipi?"

"Siwezi kusema."

"Huwezi kusema?" Akachomoa penseli kwenye nywele, akambwagia karatasi mezani. "Basi chora."

"Mimi sijui kuchora."

"Chora!"

Fundi akashika penseli. Akachora mistari miwili ya korido, akachora mlango, akachora vijiti viwili vya watu vinavyotazamana, kimoja kimenyoosha mkono kumzuia mwenzake. Vilikuwa vibaya kupita kiasi, mtoto angevicheka. Lakini yule wa mlangoni alimvisha miwani, na miwani Fundi aliijua kuichora: fremu nzito ya mraba, mkono mmoja umefungwa uzi.

Mchoraji akaitambua miwani ya kaka yake. Hasira ikamtoka usoni, na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi.

"Alikwambia nini?"

Fundi akaiweka penseli chini.

"Alikwambia nini, mpenzi?"

"Kwamba umesema niende."

"Mimi?" Akakaa kwenye kigoda cha wateja. "Mimi nilikwenda kuchukua chai."

"Najua. Nimesoma."

Mchoraji akatoa simu. Fundi akamshika mkono. "Usipige. Acha kitabu kishinde. Mimi nimeshazoea kufyonzwa."

"Na mimi nizoee nini? Kupanda jukwaani nipigiwe makofi kwa kukuchafua?" Akauchomoa mkono wake, akampigia jaji. "Mama, ukurasa wa korido si kweli. Nilidhani ni kweli."

"Kitabu kitatoka kwenye orodha," jaji akasema. "Unalijua hilo?"

"Nalijua, mama."

"Pole sana, mwanangu."

Ndipo akalia, na hakulia kama wanavyolia katika picha. Alilia kwa kwikwi na makamasi, akajifutia kitambaa cha kufutia lenzi, na Fundi akamshika mabega asijue aseme nini. Alipokwisha kulia, akapiga simu nyingine.

"Kaka, shikamoo. Uko nyumbani?"

"Marahaba. Nipo. Mbona sauti hivyo?"

"Usitoke. Nakuja na shemeji yako."

"Shemeji yupi?"

"Yule uliyemfukuza."

Akakata. Fundi alikuwa amesimama mdomo wazi.

"Shemeji? Umeniuliza lini?"

"Nakuuliza sasa."

"Kwa hasira hivyo?"

"Kwa hasira hivi hivi. Nikipoa nitaogopa."

Fundi akazima mashine, akavua aproni, akaanza kutafuta funguo za duka.