Nilikwenda Chapwa Kumleta Mume Wangu Tutangazwe Kanisani, Nikakaribishwa Kama Wifi!

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mama wa watoto wawili, fundi cherehani hapa Mlowo. Jina langu naomba nibaki nalo mwenyewe. Niiteni Mama Elia, kwa jina la mwanangu wa kwanza. Sitafuti huruma ya mtu... nataka tu mnisikilize, maana mwaka mzima huu mimi ndiye nimesikiliza maneno ya watu mpaka masikio yameota sugu!

Mwanaume niliyezaa naye namwita Festo. Alinitorosha nikiwa na miaka ishirini na mmoja. Huku kwetu Mbozi hilo si jambo la kushangaza. Msichana anaondoka kwao jioni, asubuhi wazee wa upande wa kijana wanakuja kujieleza, faini inatolewa na mahari inafuata taratibu. Wazazi wangu waliridhika. Kilichobaki kilikuwa kanisa tu.

Nani ataelewa uchungu wa kukaa benchi la nyuma kila siku ya Meza ya Bwana? Wenzangu wanainuka, wanakwenda mbele, wanarudi wameinamisha vichwa. Mimi, kwa kuwa sikufunga ndoa kanisani, nimekaa na watoto na wale ambao bado wanafundishwa! Miaka kumi na minne nilikaa hivyo, na kila nikimkumbusha Festo kuhusu ndoa alinijibu kwamba safari hii ikiisha tutakwenda kwa mchungaji. Alikuwa dereva wa lori, anapeleka mizigo Kongo kupitia Tunduma, na safari zake hazikuwa na mwisho.

Mwaka jana akakubali! Sijui nini kilimsukuma, labda mama yake, ambaye alikuwa amemchosha kwa maneno. Nililia kwa furaha. Kina mama wa kwaya wakashona sare, kaka yangu akatoa ng'ombe, nami nikashona gauni langu kwa mikono yangu mwenyewe... nikilifumua na kulishona upya kila nilipoona mshono umekwenda upande.

Kanisani kwetu wachumba hutangazwa Jumapili tatu mfululizo. Mchungaji anasoma majina na kuuliza kama yupo anayejua kizuizi chochote. Jumapili mbili za kwanza nilisimama peke yangu kama mjane, Festo yuko safarini. Mchungaji akaniita pembeni. Akaniambia waziwazi kwamba Jumapili ya tatu bwana harusi asiposimama pale mbele, ndoa ya Jumamosi inayofuata haipo.

Nilimpigia Festo simu Ijumaa. Alikuwa amekwama kwenye foleni ya malori Chapwa, pale karibu na kuingia Tunduma. Aliniambia hawezi kutoka. Na kweli, foleni ile ina sheria zake. Ikisogea na lori lako halina mtu kwenye usukani, wenzako wanakupita bila kukuangalia usoni na wewe unarudi mkiani. Nani amshikie lori?

Hapo nikajiona nina akili kuliko wote! Mdogo wake Festo, Gidioni, naye ni dereva na wakati huo hakuwa na gari. Nikapanga safari kichwani kama napima kitambaa. Jumamosi tuondoke na gari la kwanza, Gidioni abaki kwenye usukani, mimi na Festo turudi Mlowo kabla jua halijazama. Jumapili kanisani, mchana yeye arudi kwenye lori lake. Kwenda na kurudi siku moja. Kilikuwa na ugumu gani?

Ugumu ulikuwa Gidioni. Nilipomweleza alijikuna kichwa, akasema barabara ni mbovu kwa msongamano, afadhali aende peke yake. Nikakataa. Nilitaka kumleta mume wangu mwenyewe! Nikaamka alfajiri, nikapika wali na kuku, nikaweka suti ya Festo kwenye mfuko ili aijaribu, nikamgongea shemeji mlango.

Hapa niseme jambo moja. Katika miaka yote ile sikuwahi kukanyaga foleni. Festo alinifundisha tangu mwanzo kwamba foleni si mahali pa mke wa mtu, kwamba wanawake wanaoonekana pale wanajulikana wamefuata nini. Nami nilijivunia hilo! Nilikuwa nikiwasikia wenzangu wanaowafuata waume zao na masufuria ya chakula, nikawaona hawana heshima. Alinivika kilemba cha ukoka na mimi nikatembea nacho mjini kichwa juu.

Basi tukaondoka. Kufika Vwawa, Gidioni akadai tumbo linamsumbua. Tukashuka. Akapotea nyuma ya stendi na simu yake, gari letu likatuacha. Alirudi akaagiza chai na chapati... kwa tumbo gani hilo? Tukapata Noah nyingine ya abiria, nayo baada ya mji mdogo wa Mpemba ikagota kwenye mkia wa malori. Magari makubwa yamesimama upande mmoja hadi macho yanachoka, madereva wamelala chini ya matela, wengine wanafua. Gidioni akaniambia eti tugeuze tu, siku imeshaharibika. Nikamwambia kama miguu yake imechoka, yangu bado. Tukapanda bodaboda zikatupitisha pembeni kwenye vumbi.

Tulipofika Chapwa nikaanza kulitafuta lori. Dereva mmoja Mzambia aliyekuwa anapiga mswaki akaniamkia, "Mulishani, mayo," nikamtajia namba ya gari, akanyoosha kidole mbele. Nikaliona! Milango imefungwa, mwenyewe hayupo. Nikapiga simu, haipatikani.

Nilikuwa bado nimesimama pale na mfuko wa suti mkononi, ndipo nikasikia sauti ya mwanamke ikitokea ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha mama lishe.

"Shemeji Gidioni! Mbona hukusema unakuja?"

Akavuka mbio, mtoto mgongoni. Mwanamke mdogo kuliko mimi, uso mkunjufu, mikono ina unga. Akamsalimia Gidioni, akanigeukia, akanikazia macho, kisha akapiga makofi kwa furaha.

"Jamani, wifi! Si wewe dada yake Baba Ezra? Nakujua kwa picha! Kila siku namwambia nataka kumwona wifi yangu, ananiambia foleni si mahali pako. Karibu, wifi yangu, karibu!"

Jamani, wasomaji! Nilimtazama Gidioni. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Wanawake wawili tulikuwa tunamwita shemeji mwanaume huyo mmoja, na siku zote alikuwa akituitikia wote!

Sijui kwa nini sikupiga kelele. Miguu ilinipeleka yenyewe hadi chumbani kwake, nyuma ya kile kibanda. Aliniambia anaitwa Jesca. Akaninawisha mikono amepiga magoti, akaniwekea ugali na kapenta, vile vidagaa vya kutoka Zambia, akaomba radhi kwamba angejua angechinja kuku. Kuku wangu alikuwa kwenye hotpoti miguuni pangu. Nikaanza kula ugali wa mke mwenzangu, jamani... nikimeza tonge moja baada ya jingine kama nimerogwa.

"Elia anaendeleaje na shule?" aliniuliza. "Mjomba wake anamsifia mno. Akipata kitu kizuri anasema hiki ni cha mpwa wangu wa Mlowo."

Mjomba! Mwanangu niliyembeba miezi tisa, aliyerithi pua na mwendo wa Festo, amegeuzwa mpwa! Nikalirudisha tonge kwenye sahani.

Nikainua macho ili machozi yasitoke, na juu ukutani nikakutana na picha kwenye fremu. Festo amevaa suti nyeusi nisiyoijua. Jesca ana shela. Na kando yao, ua kifuani, meno yote nje, amesimama Gidioni kama msimamizi wa harusi! Ilikuwa ndoa ya kanisani. Nikamuuliza Jesca kwa sauti ambayo sikuitambua kama ni yangu, walifunga lini.

"Mwaka juzi, wifi. Alituambia ulikuwa unaumwa. Tulitangazwa Jumapili tatu hapahapa Chapwa, na mchungaji akauliza mara zote tatu. Hakuna aliyesimama."

Angesimama nani? Waliomjua Festo walikuwa Mlowo, na Mlowo hawakutangaziwa! Mtu alikuwa na nyumba mbili kwenye barabara moja, na kila kanisa liliuliza watu wake tu.

Nikasukuma sahani. "Jesca," nikamwambia, "mimi si wifi yako. Elia hana mjomba anayeitwa Festo. Festo ni baba yake."

Kwanza alicheka. Kisha akamtazama Gidioni mlangoni, na Gidioni hakucheka. Yule binti akakaa chini taratibu na mtoto wake mgongoni.

"Elia ana miaka mingapi?" aliuliza.

"Kumi na miwili."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyeingia kwako," alisema, akajifunika uso kwa upande wa kanga. Mngeniambia kabla kwamba nitamkuta mwanamke wa Festo, ningewaapia kwamba nitamng'oa nywele. Lakini ningeanzia wapi? Alinipokea kwa magoti! Tulilia wote wawili, kila mmoja upande wake wa mkeka, na mtoto naye akalia kwa kutuona.

Nikaondoka. Gidioni akataka kunifuata, nikamwambia abaki ashike usukani alioufuata. Kumbe kule Vwawa, tumbo lilipomuuma ghafla, alikuwa anampigia kaka yake akimbie, na Festo alikuwa amevuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Walichosahau ni kwamba Jesca hakuwa na sababu ya kunikimbia.

Nilifika Mlowo jua linazama, kama nilivyopanga, ila peke yangu. Kina mama wa kwaya walikuwa uani wanachambua mchele na kuimba nyimbo za harusi. Waliponiuliza bwana harusi yuko wapi, niliwajibu anakuja kesho.

Ndipo Festo akapiga simu. Alilia, nakiri. Alisema Jesca ni ajali ya maisha, kwamba atamwacha, kwamba asubuhi yeye atakuwa kanisani kabla ya kengele na ninachotakiwa ni kunyamaza tu. "Mama Elia, nani atajua?" aliniambia. "Utafika mezani kwa Bwana, si ndicho ulichokitaka miaka yote?"

Alinijua yule mwanaume! Alijua mahali panaponiuma. Na mimi, wasomaji, sitawadanganya... nilifikiria kunyamaza. Nililiangalia gauni langu limening'inia ukutani, nikafikiria ng'ombe wa kaka, sare za kwaya, aibu ya mama yangu. Ningenyamaza dakika chache tu, na Jumamosi ningekuwa mke halali mbele ya watu. Halafu nikaona mikono ya Jesca yenye unga, akininawisha.

Jumapili Festo alikuja kweli, amevaa shati jeupe, akasimama kando yangu mbele ya washarika. Mchungaji akasoma majina yetu kwa mara ya tatu. Akauliza kama yupo anayejua kizuizi. Watu walikuwa wanatabasamu, wengine wameshaanza kukusanya vitabu vya nyimbo.

"Mchungaji," nilisema, "mimi nina kizuizi."

Mama yangu, aliyekuwa benchi la mbele, alinivuta kitenge nikae. Sikukaa. Nikasema mbele ya watu wote kwamba mwanaume huyu ana mke wa ndoa Chapwa, anaitwa Jesca, na ana mtoto naye. Sikuongeza neno. Festo alitoka kwa mlango wa pembeni, na hadi leo hajarudi kuchukua hata nguo zake.

Mnadhani nilipongezwa? Mama mkwe alinililia barabarani kwamba nimemuua mwanawe akiwa hai. Wapo walioniambia mwanamke mwenye busara angefunga ndoa kwanza, mengine angeyamalizia chumbani. Elia aliniuliza kwa nini nilisema kanisani na si nyumbani. Mchungaji alinirudisha Meza ya Bwana baada ya muda, kwa kuwa sikuishi tena na mwanaume nje ya ndoa. Siku ile nilikwenda mbele, na nikirudi sikuona hata nilipokanyaga, kwa machozi. Nilikuwa nimeipata, lakini kwa njia ambayo sikuiota kamwe.

Jesca naye Festo alimkimbia. Huwa tunapigiana simu, kwa sababu Elia wangu na Ezra wake ni ndugu na hawana kosa lolote.

Dada zangu mliochukuliwa na wanaume wa safari, nawasihi, msijivunie heshima ya kufungiwa nyumbani! Akikwambia mahali fulani si pa mke wa mtu, kaulize kwa nini. Na kama mnakwenda kutangazwa, mwombeni mchungaji awatangaze na kule mwanaume anakolala, kule anakoitwa Baba fulani na watu msiowajua. Msiridhike kwa sababu watu wa kwenu peke yao wamenyamaza.

Kutoka Mlowo hadi Tunduma mtu anakwenda na kurudi siku moja. Mimi ilinichukua miaka kumi na minne kupanda gari!