Mtani Aliyeitwa Mtoto

Mama Batista, jirani yake Osmunda, anashikilia kwamba lango liliingiwa na vumbi. Eti alilisikia likikohoa kabla halijatamka yale maneno. Waliosimama karibu hawakusikia kikohozi chochote.

Lango-nasaba lilikuwa jipya pale makaburini Iringa. Kila anayekuja kuzika anagusa nguzo yake kwa kiganja, nayo inasoma jasho na kujua nani ndugu, nani mgeni. Halmashauri ililileta kupunguza ugomvi wa mirathi. Mashine za kuchimba nazo zinalitii: hazifukii kaburi mpaka kila mtoto wa marehemu atupe udongo.

Osmunda hakuja kama ndugu. Yeye binti wa Kingoni, marehemu Mzee Kihwele Mhehe, na watani hao hawazikani bila vituko. Alivaa koti la marehemu, akapandisha bega la kushoto, akachechemea kama yeye.

"Kihwele, amka! Umekufa ili usinipikie ugali, mchoyo wewe!"

"Mtoeni Mngoni huyo, atamfuata shimoni!" mtu akajibu. Watu wakacheka huku wanalia.

Kwa utundu Osmunda akaipiga nguzo kofi.

"Mtoto wa marehemu," lango likasema. "Pita mbele, utupe udongo."

Watu wakacheka zaidi. Halafu kicheko kikaanza kupungua, maana Osmunda alikuwa ameacha kuigiza, amesimama wima, na bega lile bado liko juu.

Mama yake alimwambia baba yake alikuwa dereva wa Songea, alikufa zamani. Kila alipouliza ndugu za baba huyo wako wapi, alitumwa dukani.

"Watoto ni wanne, wametupa watatu," lango likasema. "Asiyekubali kuwa mtoto aseme, nitamfuta orodhani."

Mashine zilisimama na makoleo yao hewani, zinanguruma. Osmunda aliona udongo mkononi mwake; hakukumbuka kuinama kuuchota.

Mjane akamsogelea, akamshika kola ya koti la mumewe kama anayelinyoosha.

"Mtani," akanong'ona, "umekula kwangu tangu mdogo. Wanangu hawa wanatazama. Sema wewe mtani tu. Cheka kidogo, useme. Nakuomba, mama."

Osmunda akafungua mdomo. Kwenye ngumi yake udongo ulikuwa unavuja taratibu kati ya vidole, na makoleo ya mashine bado yalikuwa hewani, yakimsubiri.