Jicho la Kofia

Kila siku akitoka shule, Chiriku hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia kwa shangazi yake mchoraji, akafagia chumba cha kazi, kisha akapanga chaki za pasteli ndani ya sanduku, kuanzia nyeupe hadi nyeusi. Chiriku ni jina la utani alilopewa kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Shangazi alimvumilia kwa mengi, ila si kwa kugusa picha. "Huo unga wa chaki ndio picha yenyewe," alimwambia mara nyingi. "Ukiona vumbi limekaa pasipo pake, inamisha ubao, ugonge nyuma taratibu. Usipulize wala usifute."

Siku hiyo, kwenye karatasi iliyobandikwa ubaoni, palikuwa na picha ya Kofia, mbwa wa mzee mmoja, fundi saa wa mtaa ule. Mwili wake wote ulikuwa mweupe, isipokuwa doa jeusi utosini, na ndilo lililompa jina. Mwezi uliopita fundi saa alimleta achorwe, kwa kuwa hakuwa na hata picha moja ya kamera. Wiki iliyopita Kofia alikufa kwa uzee. Fundi saa, aliyeishi naye wawili tu kwa miaka kumi na minne, angekuja saa kumi kuchukua picha yake.

Shangazi alipotoka kwenda kuchukua kioo cha fremu, Chiriku aliona unga kidogo wa kijivu umetua chini ya jicho la mbwa, kama tongotongo. Alijua la kufanya. Lakini ubao ulikuwa mzito, na kitambaa kilikuwa mkononi tayari. Akafuta mara moja tu.

Jicho lote likaburuzika hadi shavuni.

Bila kufikiri, alichomoa krayoni nyeusi kwenye mkoba wa shule, akachora jicho jingine juu ya lile lililofutika. Likatokea jicho la kung'aa, lililokodoa kama la mtu aliyekanyaga nyoka. Alipojaribu kulipunguza, likazidi kukodoa. Mara lango likalia. Akaitumbukiza krayoni mkobani.

Shangazi aliingia na kioo kwapani, akasimama ghafla mbele ya picha.

"Nani kagusa hapa?"

"Si-sijui, shangazi. Labda paka. Alikuwa anarukaruka."

Paka, aliyekuwa amelala dirishani tangu asubuhi, alitupwa nje akilia. Shangazi akavuta kiti, akashika chaki nyeusi. Chaki ikateleza. Akajaribu ya kahawia, nayo ikateleza, unga wote ukamwagika chini.

"Karatasi imeingia unyevu," alinong'ona. "Ikiwa ni hivyo, imekufa. Haishiki tena rangi."

Saa ya ukutani ilionyesha kumi kasoro dakika tano. Chiriku alitazama mshale wake. Alitamani mvua inyeshe, fundi saa augue, lolote litokee, mradi mlango usigongwe. Mlango ukagongwa.

Fundi saa aliingia amevaa shati lililopigwa pasi, mkononi ameshika mkanda wa shingoni wa Kofia. "Nimeshapigilia msumari ukutani," alisema. "Nitautundika mkanda huu hapohapo, pembeni ya picha."

Shangazi alisimama kuificha picha kwa mgongo wake. "Fundi, sijui nikwambieje. Picha imeharibika, na sidhani kama—"

"Ni mimi!" Chiriku aliangua kilio. "Siyo paka, siyo unyevu. Nilifuta kwa kitambaa, halafu nikachora kwa krayoni ya shule. Nisamehe, shangazi. Nisamehe, babu."

Chiriku alifumba macho akisubiri kofi.

"Krayoni?" shangazi aliuliza. "Una hakika?"

"Nina hakika."

"Basi ni nta ya krayoni! Ndiyo maana chaki inateleza. Karatasi ni nzima." Akafungua droo, akatoa wembe mpya.

Fundi saa akatoa mfukoni lenzi anayoivaa jichoni akitengeneza saa, akamwazima shangazi. Shangazi alikwangua nta kidogokidogo, huku Chiriku akiwa ameshika ubao usitikisike, akiogopa hata kuvuta pumzi. Karatasi ilipokuwa safi, chaki ikashika. "Jicho hilo lilikuwa na ukungu kidogo mwishoni," fundi saa akakumbusha kwa sauti ya chini. Shangazi akaongeza kijivu, kisha nukta moja nyeupe. Kofia akamtazama bwana wake.

Fundi saa alijifuta machozi bila kuona haya. "Mjukuu wangu," alisema, "mtu akiniletea saa akaapa haijaanguka, naifungua yote, na naweza kuiua nikitafuta kosa lisilokuwepo. Akisema imeanguka, naenda palipovunjika."

"Umesikia?" shangazi alimuuliza Chiriku. "Kufuta lilikuwa kosa dogo. Ule uongo ndio nusura umuue Kofia mara ya pili. Ukikosea, sema mapema, hata kama unaogopa. Anayekupenda hawezi kukusaidia asipojua ulichofanya."

"Nimesikia, shangazi."

"Haya, sasa nenda nje ukamwombe radhi paka. Na usimpe maneno matupu, mpelekee maziwa."